Barua ya Utambulisho

Katika usharika wetu, kabla ya baraka ya mwisho, mzee wa kanisa wa zamu husoma matangazo, kisha huwaomba wageni wasimame. Mgeni hutaja jina lake, anakotoka na mwenyeji wake, na waumini humpigia makofi. Nimefanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Nimewasimamisha wakaguzi wa elimu, wanunuzi wa karoti kutoka Tanga, wakwe waliokuja kuleta posa, na mara moja askari wa barabarani ambaye gari lake liliharibikia Soni. Wote walijua la kusema.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeingia hadi kwenye mabenchi ya nyuma, alisimama msichana wa kama miaka kumi na sita. Kando yake alikaa mvulana mdogo kuliko yeye, ambaye hakusimama. Msichana alitaja jina lake kwa sauti iliyosikika vizuri. Nikamuuliza anatoka wapi. Alifikiri kwanza.

"Njiani," akasema.

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nikamuuliza mwenyeji wake ni nani. Akajibu kwamba bado hajampata. Hapo kicheko kikakatika, na mama mmoja aliyekaa karibu naye akainama kidogo kutazama miguu yake. Baada ya ibada niliitazama mimi pia. Ilikuwa imevimba na kuwa myeupe kwenye nyayo, visigino vimepasuka. Miguu ya mvulana ilikuwa vilevile. Mtu yeyote wa kwetu angejua wanafanya kazi gani. Karoti zetu huoshwa mtoni kabla ya kupakiwa. Humwagwa kwenye maji na kukanyagwa kwa miguu hadi udongo utoke, na mwezi wa saba maji ya milimani hayana huruma. Ni kazi ambayo mtu mwenye kwao haifanyi siku nyingi mfululizo.

Mke wangu hakuniuliza. Aliwaambia wamfuate, wakamfuata.

Habari yao tuliipata vipandevipande, kwa siku nyingi, nami naipanga hapa kwa utaratibu ambao wao hawakuutumia. Baba yao alikuwa Mshambaa wa upande wetu, aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki akafia huko, msichana akiwa na miaka tisa. Mama yao, ambaye ni Mbondei, akaolewa tena na mwanamume wa palepale kwenye nyumba za wafanyakazi. Kuhusu mwanamume huyo msichana hakupenda kusema mengi. Alisema kwamba akilewa humtafuta mdogo wake, kwa sababu mdogo wake anafanana na marehemu. Alikuwa na kipande cha mkanda wa mashine alichokitundika nyuma ya mlango kwa kazi hiyo. Mama yao alikuwa akitoka nje na kukaa kwa jirani mpaka kimya kirudi.

Waliondoka asubuhi, wakubwa wakiwa kazini. Walikuwa wanamtafuta shangazi yao, dada wa marehemu baba, ambaye walisikia anaishi Soni. Soni wakaambiwa kwamba shangazi alihamia bondeni, Mnazi, miaka mingi iliyopita, na hakuna mwenye namba yake. Wakabaki hapo. Waliosha karoti na kulala kwenye kibanda cha kufungia matenga, yale makapu makubwa ya kupakia mboga. Mwezi uliofuata nilikwenda Mnazi mwenyewe kumtafuta huyo shangazi. Nilionyeshwa kaburi lake.

Mvulana alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Lazima nieleze kidogo kuhusu mimi, kwa sababu bila hivyo kosa langu halitaeleweka. Ni fundi wa mabomba ya kupulizia dawa, yale ya kubeba mgongoni ambayo wakulima wa nyanya na kabichi huyatumia. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote niliyapata kwa posta: hesabu, Kiingereza, umeme mdogo, utunzaji wa kumbukumbu. Nilikuwa naandika barua, nasubiri wiki tatu, napokea bahasha yenye somo na maswali, najibu, nasubiri tena. Hakuna mwalimu wangu hata mmoja niliyemwona uso. Elimu ya namna hiyo humfanya mtu aamini kwamba barua ikiandikwa vizuri na kuelekezwa panapostahili, itajibiwa na mtu mwenye busara kwa wakati wake. Mke wangu husema siku nikishikwa na mafua nitayaandikia yaondoke.

Kwa hiyo nilifuata utaratibu. Asubuhi ya pili nilikwenda kwa balozi wetu, kisha kwa mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya ustawi wa jamii Lushoto. Afisa aliyenipokea alikuwa mwanamke kijana, mgeni wa milimani, aliyevaa makoti mawili. Alinisikiliza, akaandika, akasema watoto wakae kwangu wakati yeye anawasiliana na wenzake wa upande wa pili. Alisema itachukua muda. Sikuona kasoro katika kazi yake siku ile, wala sioni leo.

Nyumbani palikuwa na chumba kimoja cha ziada, nilimohifadhi mabomba. Nikayatoa yote. Sakafu ilikuwa na harufu ya dawa za miaka. Nikaiosha kwa sabuni na majivu mara tatu, nikaacha dirisha wazi kwa siku mbili, ndipo tukawawekea vitanda. Watoto wetu wenyewe walikwisha kuoa au kuolewa na kuhama. Mimi na mke wangu tumezoea kusema Kishambaa ndani ya nyumba. Kwa ajili ya wale wawili tukaanza kusema Kiswahili hata tukiwa tunagombana.

Siku ya nne au ya tano mke wangu alimtuma msichana kuchuma mnavu nyuma ya nyumba. Nilikuwa barazani nikifungua bomba. Nikamwona anachuma kwa mikono yote miwili, kila mkono kivyake, upesi sana, na kila kiganja kikijaa anarusha majani nyuma ya bega. Mnavu wote ulikuwa umetapakaa chini. Alikuwa amefika katikati ya tuta kabla hajageuka kuona.

"Kwetu kapu liko mgongoni, mama," akasema.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Msichana naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo mke wangu akimwona amesahau jambo humwambia, "Angalia, umerusha nyuma."

Mvulana alichelewa zaidi. Alikaa mahali anapouona mlango, na alikula haraka, macho chini. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikubali akae darasani, karatasi zifuate baadaye. Alipenda mabomba yakiisha kutengenezwa, kwa sababu lazima yajaribiwe kwa maji, na kuku wetu wakawa ndio wa kujaribiwa. Baada ya wiki tatu niliona jambo ambalo nililiandika kwenye daftari langu: alikuwa ameacha chakula kwenye sahani akaenda kucheza. Mtoto anayeacha chakula anaamini kwamba kipo kingine.

Mke wangu alikuwa ameuona mgongo wake siku ya kwanza, alipompa maji ya kuoga. Alinieleza. Nilitaka kumpeleka hospitali ili makovu yale yaandikwe na daktari, lakini mvulana alilia, akasema akivuliwa shati mbele ya watu ataondoka. Dada yake akaniomba nimwache kwanza. Nikamwacha. Mimi ninayeandika hata tarehe ya kubadilisha vali, jambo lile sikuliandikisha popote.

Msichana alikuwa na ombi moja tu, na alilitoa mwishoni mwa mwezi wa nane. Alitaka kumaliza Kipaimara. Huko kwao alikwisha kufundishwa karibu miaka miwili na alibakiza miezi michache. Katekisimu aliijua kwa moyo; nilimjaribu mwenyewe, nikamkamata mahali pamoja tu. Kwa nini alikitaka kiasi kile, alieleza mara moja, wakati anapepeta maharage na mke wangu. Alisema mtu aliyepata Kipaimara ana haki ya kukaa na watu wazima, na akisema neno linahesabiwa. Alisema hajawahi kusema neno likahesabiwa.

Mchungaji wetu hakuwa na kipingamizi. Alisema anaweza kumwingiza na darasa la mwaka huu, mradi usharika wake wa zamani ulete barua ya utambulisho inayothibitisha ubatizo na masomo. Bila barua ile, asingeweza. Huo ndio utaratibu wa siku zote, nami niliutetea. Nikajitolea kuandika.

Msichana alinitazama ninavyoandaa karatasi.

"Baba, lazima wajue?"

"Ni utaratibu tu," nikamwambia. "Barua inakwenda kwa mchungaji. Haiendi kwa watu."

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Bila kuinua uso akasema, "Andika kwamba yupo. Usiandike alipo."

Nikamjibu kwamba barua isiyo na anwani ya mwandishi si barua. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefundisha. Nikaandika jina la usharika wetu, mtaa wetu, jina langu na kazi yangu, na namba ya simu. Nikaeleza kwamba kijana huyu na mdogo wake wako katika uangalizi wangu kwa sababu za kifamilia, na kwamba ofisi ya ustawi inafahamu. Juu ya barua, kona ya kulia, nikaandika neno SIRI na kulipigia mistari miwili. Niliisoma mara tatu. Ilikuwa barua nzuri.

Kisha tukasubiri. Msichana aliruhusiwa kuhudhuria masomo wakati majibu yanangojewa. Alikuwa akirudi Jumamosi mchana na kusimulia jinsi wavulana wa darasa walivyochanganya amri ya nne na ya tano. Alinenepa kidogo. Miguu yake ilipona, akaanza kuvaa viatu vya mke wangu.

Mama yao alikuja siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Nilikuwa barazani na mvulana, ambaye shule yao ilikuwa imefungwa siku ile. Nilimwona mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano anapanda njia yetu, amebeba kifurushi cha kanga, anasimama kila baada ya hatua chache kama mtu asiyezoea mlima, ingawa alitoka mlimani. Mvulana alimwona kabla yangu. Aliliachia bomba alilolishika, likaanguka na kumwaga maji, akakimbia. Hakukimbilia ndani. Alikimbia kuteremka, akamkumbatia mama yake kiunoni na kuficha uso kwenye kifurushi.

Niseme wazi kwamba sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Katika miezi yote ile nilimhesabu mama yule pamoja na mumewe.

Alinisalimu kwa heshima. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu."

"Nimefuata wanangu," akasema. "Tulisomewa kanisani."

Nilimpa kiti. Alieleza polepole, akimshika mvulana mkono. Mchungaji wao alikuwa safarini. Barua ilipofika ilifunguliwa na aliyekuwapo, na ikasomwa Jumapili pamoja na matangazo, kama barua zote za utambulisho zinavyosomwa, ili waumini wajue nani anahama na aliye na neno aseme. Ilisomwa yote: mtaa wetu, jina langu, kazi yangu. Watu wote wakamgeukia yeye. Mumewe haendi kanisani, lakini kufikia mchana alikwisha kujua hata namba yangu ya simu. Yeye ndiye aliyempa nauli.

Nilimuuliza kama msomaji hakuona kwamba nimeandika siri.

"Aliisoma pia," akasema. "Alisema, 'Siri,' halafu akaendelea."

Sikuwa na haki ya kushangaa. Kwa miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyekuwa nikizisoma barua za namna hiyo kwenye usharika wetu. Mara ngapi nimesoma mbele ya watu mia mbili kwamba kijana fulani amehamia kwetu kutoka mahali fulani kutokana na matatizo nyumbani, anaishi kwa fulani, tumkaribishe? Tulimkaribisha, tukapiga makofi. Sikujiuliza hata mara moja nani mwingine anasikia. Nilijua kabisa barua ile itapita mkononi mwa mtu kama mimi. Nilichofanya ni kudhani kwamba mtu huyo atakuwa bora kuliko mimi.

Msichana alitoka jikoni. Alimsalimu mama yake, akapokea kifurushi kama binti anavyopaswa, akakiweka chini. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba, ulitutangaza."

Hakupandisha sauti. Akarudi jikoni kuendelea na chakula cha mgeni.

Nilimpigia simu afisa wa ustawi, akaja mchana ule ule kwa pikipiki. Alimsikiliza mama kwa faragha, kisha akatukutanisha sote sebuleni. Mama alisema kwamba nyumbani ni salama, kwamba mumewe ni mkali kama wanaume wengine lakini ameapa kubadilika, na kwamba mvulana anamhitaji mama yake. Hili la mwisho lilikuwa kweli na kila mtu aliliona. Afisa akamuuliza mvulana anataka kukaa wapi.

"Na mama," akasema.

"Muulize mgongo wake," dada yake akasema.

Afisa alimwomba mvulana, kwa upole, avue shati, au waende naye chumbani. Mvulana alilishika shati kwa mikono miwili kwa chini. Akasema alianguka mtini. Mama yake alikuwa anatazama sakafu. Afisa akaniuliza kama kuna cheti cha hospitali, au fomu ya polisi. Nikasema hakuna. Mke wangu akasema aliuona mgongo ule kwa macho yake, na afisa akaandika maneno yake, lakini niliona kalamu inavyokwenda: hayo yalikuwa maneno ya mtu dhidi ya maneno ya mama na ya mtoto mwenyewe.

Uamuzi wake ulikuwa wa tahadhari. Mvulana angerudi na mama yake, na maafisa wa upande ule wangemtembelea. Msichana, kwa umri wake na msimamo wake, angebaki kwetu hadi shauri liangaliwe vizuri. Mama alikubali kwamba kila Jumamosi mvulana atampigia dada yake kwa simu ya jirani. Waliondoka alasiri. Mvulana alikuwa amevaa sweta la shule ambalo mama yake alimletea kwenye kile kifurushi. Mikono ya sweta ilikuwa imekuwa mifupi.

Jumamosi ya kwanza alipiga. Tulimsikia msichana akiuliza na kuuliza, na sauti ndogo ikijibu nzuri, nzuri, nzuri. Jumamosi ya pili hakupiga. Majibu ya barua yangu yalikuja katikati ya wiki iliyofuata, yamepigwa muhuri, yanathibitisha kila kitu. Mchungaji wetu akamtahini msichana, akafaulu. Kipaimara kilikuwa kimebakiza siku nane. Mke wangu alikwisha kununua kitambaa cheupe na kumpima mabega.

Jumamosi ya tatu simu iliita mapema. Msichana alisikiliza kuliko alivyosema. Kisha akakata, akanirudishia simu, akakaa.

"Anasema ameanguka mtini tena," akatuambia.

Nilimpigia afisa. Akasema wenzake wa upande ule walikwenda mara mbili wakakuta mlango umefungwa, na kwamba Jumatatu atawasukuma tena. Alikuwa na hasira, nadhani hata na yeye mwenyewe. Nilimweleza msichana. Nikamwambia pia kwamba naweza kuandika kwa ofisi ya mkoa, na nikaisikia sauti yangu inavyosema hivyo. Alinitazama bila kisirani, kama mtu anayemsubiri mwingine amalize.

Jumapili jioni aliniomba nimweleze magari: lipi la kushuka Mombo, lipi la kwenda Muheza, na la kupanda hadi kwenye mashamba ya chai huondoka saa ngapi. Walipokuja walikuja kwa kubahatisha. Sasa alitaka kujua. Mke wangu alimsihi angoje Jumapili moja tu. Alimwambia avae nguo yake, apate alichokitaka, halafu tutakwenda wote watatu.

"Jumapili ni mbali kwake, mama."

"Na wewe? Hapa si umeanza kutulia?"

"Nimetulia," msichana akasema. "Nimelala kitanda changu, nimesoma, nimekula. Ndiyo maana siwezi. Kila nikitulia najua yeye hajatulia."

Nikasema nitakwenda naye. Akakataa. Alisema wakiniona mimi watajua amekuja kumchukua, na watamficha. Akienda peke yake watadhani amerudi kuomba radhi. Alikuwa amefikiri vizuri kuliko mimi. Nikamuuliza akimpata atakwenda naye wapi. Nikamwambia warudi hapa, chumba ni chao. Hakunijibu. Wakati ule nilidhani hakunijibu kwa sababu alikuwa amechoka.

Nilimsindikiza hadi stendi asubuhi ya Jumatatu. Ningeweza kumzuia, ningeweza kumpigia simu afisa akiwa bado amesimama kando yangu. Nilifikiri kwamba nikimzuia kwa nguvu nitakuwa mtu mzima mwingine aliyeliacha neno lake bila kulihesabu. Bado sijui kama nilikuwa sahihi. Nilimpigia afisa gari lilipokwisha kuondoka, nikamweleza kila kitu, naye akawaarifu wenzake wa huko. Gari lilipogeuka kona msichana alikuwa anatazama mbele.

Siku kumi na mbili baadaye alikuja mwanamume kwenye baraza yetu. Nilidhani ni mteja, nikatazama kama amebeba bomba. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria kwa miezi yote ile, shati limepigwa pasi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikasema, kwa sababu mdomo umezoea kujibu.

Akajitambulisha. Akasema binti alirudi, akakaa siku tatu kwa adabu nzuri, akafua na kupika, na siku ya nne yeye na mdogo wake hawakuonekana. Akasema amekuja kuwachukua, hataki ugomvi. Nikamwambia hawapo. Akaomba kuangalia. Ningeweza kumfukuza, lakini nilitaka aone, aondoke, asirudi. Nikamwonyesha chumba.

Aliinama chini ya vitanda. Akafungua kabati. Akainua hata boksi langu la vali na mipira. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Tafuta vizuri," akamwambia. "Usiache bomba hata moja hujalifungua. Labda wamejaa humo."

Mwanamume yule hakukasirika. Alijifuta magoti. "Barua yako ilisema wako hapa, mzee."

"Ilisema."

"Basi watarudi. Mtoto hurudi anapopajua." Akaandika namba yake kwenye kipande cha pakiti ya sigara, akakiacha juu ya meza yangu ya kazi, akasema wakifika nimpigie. Aliaga vizuri.

Alipokwisha kushuka nilikwenda ofisi ya ustawi. Afisa aliandika majina yao, akayatuma Korogwe, Muheza na Tanga, na polisi pia wakaarifiwa. Tangu siku hiyo ni mwaka na miezi minne. Mara moja iliingia simu ya namba tusiyoijua. Mke wangu akapokea, akasikia gari linapita na mtu anapumua, kisha ikakatika. Tulipoipiga hatukuipata tena. Inaweza kuwa ni wao. Inaweza kuwa ni mtu aliyekosea namba.

Jioni ile, niliporudi kutoka ofisini, mke wangu alikuwa amekwisha kupiga deki chumba kizima na kubadilisha mashuka, kwa sababu mikono ya yule mtu iliyagusa. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha msichana. Hakuwa analia. Mimi nilisema kwamba huenda wako njiani, wanazunguka, watafika kesho au keshokutwa.

"Huyu mtu alitutafuta sisi kwanza," akasema. "Hakwenda kwa mwingine."

Nikasema ndiyo.

"Na yule binti alijua kwamba atatutafuta sisi kwanza."

Akachukua blanketi, akaanza kulikunja.

"Wewe ungekuwa yeye, una mdogo wako mkononi, ungemleta hapa?"

Alistahili jibu la kweli. Nilikitazama chumba: dirisha, vitanda viwili, ndoana niliyoipigilia mwenyewe kwa ajili ya sweta. Kilikuwa chumba kizuri, na anwani yake ilikuwa imesomwa kanisani.

"Nisingemleta," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja blanketi.